Mmea wa Tano

Karatasi ya faksi ilifika kutoka Uholanzi siku ya Alhamisi, na kabla ya saa nne asubuhi Daktari Praxeda Mhina wa ofisi ya mifugo alikuwa ameshaifikisha kituoni, koti lake jeupe bado mwilini na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimfuata nyuma. Inspekta Laurenti Semkiwa alimvutia kiti. Alikuwa ameisubiri karatasi ile wiki sita, na katika wiki hizo sita alikuwa ameomba mara tatu jalada lisipelekwe mahakamani. Mara ya tatu aliambiwa ya nne haipo. Jumatatu jalada linaondoka.

Kesi yenyewe ilikuwa ya ng'ombe, na wapo askari walioicheka. Laurenti hakucheka. Tanga ya miaka ile, viwanda vikifungwa kimoja baada ya kingine na watu wakirudishwa makwao na barua ya mistari minne, ng'ombe wa maziwa aliyefungwa uani ndiye aliyekuwa mshahara wa nyumba. Bi Rahila binti Shaib, mtu wa Pemba aliyehamia Chumbageni tangu ujana wake, alikuwa na ng'ombe wawili wa kukamuliwa na mtamba mmoja aliyelishwa majani tu. Mwezi wa tatu wale wawili walianza kuharisha damu, wakalala, wakafa ndani ya siku tatu.

Aliyekuwa akiwalisha ni Tabia, mke wa mwanawe Yakoub. Nyuma ya ua palikuwa na mibarika ambayo Tabia mwenyewe aliipanda, apate kukamua mafuta ya mbegu zake, nyonyo, ya kumpaka mtoto nywele. Na wiki ile ile majirani walimsikia akigombana na mkwewe. Yakoub alikuwa Arusha akiendesha lori la saruji, na Tabia alitaka kumfuata. Bi Rahila akamwambia ng'ombe hawajikatii majani. Ng'ombe walipokufa, Bi Rahila alimtaja Tabia, na watu wakaunganisha yaliyobaki wenyewe. Mbarika una sumu, mke hataki ng'ombe, na bibi yake kule Tongoni alikuwa akiwatibu watu kwa majani. Nini tena? Tabia alilala mahabusu siku mbili na mtoto wake Tuhfa akiwa bado ananyonya, kisha mjomba wake akamwekea dhamana, akarudi kwao Tongoni.

Daktari Praxeda aliinyoosha karatasi mezani. Kabla ya kusoma majibu alieleza upya jinsi kazi ilivyofanyika, kwa ajili ya Koplo Asheri, ambaye siku ya kwanza aliuliza kama ng'ombe nao siku hizi wanapimwa Ulaya. Kila mmea, alisema daktari, umebeba ndani ya kila chembe yake vinasaba, kama maandishi madogo mno yanayosema huu ni muhindi, huu ni mpamba. Uusage mmea huo, uukamue mafuta, uuchanganye na mingine mpaka jicho lisitofautishe kitu, maandishi yale hayafutiki yote. Hukatika vipande tu. Mwalimu wake wa zamani kule Uholanzi alikuwa na mashine ya kuvitafuta vipande hivyo na kuvizidisha mpaka visomeke. Walimpelekea chupa mbili. Moja ilikuwa ya chakula kilichobaki ndani ya hori, na ya pili ya gunia la dukani lililokutwa nyumbani kwa Bi Rahila likiwa bado na uzi wake wa kiwandani.

Gunia lilikuwa na mimea mitatu: mahindi, pamba na alizeti. Ndivyo alivyosema mwenye duka tangu mwanzo, pumba na mashudu ya aina mbili. Kwenye hori ilikuwamo mitatu ile ile, na wa nne ulikuwa mbarika.

Koplo Asheri alijiegemeza ukutani. "Duka limetakasika, afande. Mbarika umeingilia nyumbani. Na pale nyumbani mwenye mibarika ni mmoja."

Laurenti aliuliza kama mashine inaweza kusema ni jani la mbarika au ni mbegu. Daktari akasema haiwezi, jani na mbegu ni maandishi mamoja. Na chakula chenyewe kilikuwa kimesagwa laini kama unga wa muhogo. Hata kwa darubini yake aliona vumbi tu.

"Na huu wa tano?" Laurenti aliuliza. Kidole chake kilikuwa kimesimama chini ya mstari wa mwisho.

Huo ndio uliochelewesha majibu. Mara ya kwanza mashine ilidhani ni pamba, maana mimea hiyo ni ndugu. Mwalimu hakuridhika, akarudia kazi yote upya, na safari hii ndugu walitengana. Mmea wa tano kwenye hori la Bi Rahila ulikuwa msufi.

Asheri alisema sufi hupeperuka kila mahali, pengine ni mto wa kulalia uliopasuka. Daktari Praxeda akatikisa kichwa. Uzi mmoja wa sufi uliobebwa na upepo hauachi kitu, alisema, na alama iliyoonekana hapa ilikuwa na nguvu karibu sawa na ya pamba. Msufi uliingia kwenye chakula kile kwa makonzi.

Laurenti aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Mke aliyekusudia kuua ng'ombe angechuma majani ya mbarika, akayaponda, yakamtosha. Sufi angeitia ya nini?

Alianza na lililo rahisi, ili aliondoe njiani. Alikwenda nyumbani kwa Bi Rahila, akampa shikamoo, akaomba kuangalia magodoro na mito. Yote yalikuwa ya sponji. Aliizunguka nyumba, akaangalia nyua za jirani, akatembea mtaa mzima akiangaza juu. Palikuwa na minazi, miembe na mwarobaini mmoja. Msufi haukuwapo.

Aliporudi, Bi Rahila alikuwa ameketi kibarazani, mtandio umemshuka mabegani. Aliuliza karatasi ya Ulaya imesema nini. Laurenti alimjibu ukweli, kwamba mbarika umeonekana. Alitazamia mwanamke yule ajisifu kwamba alisema tangu siku ya kwanza. Hakujisifu. Aliuliza kama Tuhfa ameshaanzishwa uji, maana aliondoka bado ananyonya tu. Laurenti hakujua.

Akapita uani kumwamkia Mzee Hija. Mume huyu wa Bi Rahila alikuwa kuli bandarini kwa miaka thelathini na moja mpaka alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake, na kamba ya meli ilimwachia mkono wa kushoto vidole vitatu. Alikuwa amechuchumaa kando ya mtamba aliyebaki, akimtoa kupe masikioni. Mnyama alikuwa amelalia gunia lililochanuliwa, lenye rangi ya samawati iliyofifia pembeni. Mzee aliitika marahaba, akasema mtamba hajambo, na hakuuliza lolote. Laurenti aliliona lile gunia, akaona ni huruma ya mtu kwa mnyama wake, akaondoka.

Mchana alikuwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kwa Abrahamu fundi magodoro. Abrahamu aliketi katikati ya lundo la sufi, nyusi zake zimekuwa nyeupe kwa manyoya, mbegu nyeusi zimejaa kwenye beseni mbele yake. Laurenti alitaka kujua jambo moja tu, mbegu zile zinakwenda wapi. Zamani, alisema fundi, tulikuwa tukizimwaga jalalani. Siku hizi kuna Mwarabu mmoja wa Mwera, Taimur, mchemsha sabuni. Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kutengeneza chake, yule anakamua kila chenye mafuta. Mbegu za sufi huzifuata mwenyewe mara mbili kwa mwezi.

"Na nyonyo je, anakamua?"

"Nyonyo ndizo alizoanzia."

Ijumaa asubuhi Laurenti alichukua Landrova ya kituo, akashika njia ya Pangani peke yake. Jalada la kesi lilikuwa kitini pembeni yake.

Taimur bin Ziyad alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na kitu, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, mikono yake imekwajuka kwa magadi. Babu yake alipata kuwa na minazi mpaka ukingoni mwa mto. Yeye alibakiwa na banda la mabati, masufuria mawili makubwa, na kinu cha kukamulia alichokiunga kwa vyuma vya matrekta. Alimkaribisha Laurenti kahawa kabla ya kumwuliza shida yake, na alipoulizwa kuhusu kinu alikionyesha kwa fahari. Siku mbili hukamua nyonyo, siku inayofuata sufi. Mashudu yote huangukia chungu moja, kisha husagwa.

Laurenti alichota kidogo kiganjani. Ulikuwa unga wa kijivu, laini, usio na harufu ya kumtisha mtu.

"Mashudu haya unamwuzia nani, mzee?"

"Watu wa michungwa kule Muheza. Mbolea hii haina mfano. Lakini mnyama hapewi. Mie nakamua bila moto, na sumu ya nyonyo huondolewa na moto. Marehemu baba alipoteza punda watatu kwa mashudu haya, nikiwa mdogo nikiwaona." Aliondoka akarudi na gunia tupu, akalitandaza juu ya meza. "Kwa hiyo silitoi gunia humu bila ya hili."

Lilikuwa limepigwa chapa kwa rangi ya samawati, herufi kubwa za shibiri nzima: MBOLEA. SI CHAKULA CHA MIFUGO.

Laurenti aliitazama ile rangi. Uso wake haukubadilika, ila kahawa aliirudisha mezani bila kuimaliza. Akauliza kama mwezi wa tatu kuna mtu wa Tanga mjini aliyenunua.

Taimur alifikiri. Mwezi wa tatu walifiwa na jirani, watu wengi walikuja mazikoni kutoka mjini. Yeye alikuwa akishughulika na kuosha maiti, bandani alimwacha mfanyakazi wake. Jioni, watu wanapanda basi kurudi, alimwona mzee mmoja akihangaika kupakia gunia, akamsaidia kulinyanyua. Walizungumza kidogo habari za karafuu, kwa kuwa mzee yule alisema Kipemba kitupu. Mkono wake mmoja ulikuwa na upungufu wa vidole.

"Nilidhani ana shamba," alisema Taimur. "Kwani kuna nini?"

Laurenti alimweleza yote: ng'ombe wawili, mtamba, mke wa mwana aliyelala mahabusu na mtoto mchanga. Taimur alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kiganja juu ya herufi za gunia.

"Lakini maandishi yako wazi, Inspekta. Hata kipofu angeyapapasa."

Laurenti alilifungua jalada alilokuja nalo. Alitafuta maelezo ya Mzee Hija, ukurasa mmoja tu ambao Koplo Asheri aliuandika siku ya kwanza. Shahidi anasema siku mbili kabla ya ng'ombe kuugua alikuwa mazikoni Mwera, na kwamba hajui kilichowaua. Chini, mahali pa sahihi, palikuwa na mstari wa wino ambao Laurenti aliupita mara ngapi sijui bila kuutilia maanani. Alimsogezea Taimur.

Taimur aliusoma kutoka kulia. "Hija bin Faki. Hati nzuri. Huyu chuo cha Kurani alichapwa akachapika." Macho yake yakahama kutoka kwenye sahihi kwenda kwenye gunia, yakarudi. "Herufi hizi za kizungu hazijui."

"Nadhani hazijui."

"Nami nilidhani kila mtu anazo."

Alimwita mfanyakazi wake akamwuliza mbele ya Laurenti, na kijana akakiri kwamba mzee alitaka mashudu, naye akampa mashudu. Hakuulizwa ya kazi gani wala yeye hakuuliza. Taimur hakumgombeza. Alimwagiza apande baiskeli azunguke kwa wote walionunua tangu mwaka uanze, awaambie kwa mdomo. Kisha akachukua kopo la rangi na brashi, akaketi chini na chungu ya magunia matupu, na Laurenti alipokuwa akigeuza gari alimwona akiandika chini ya kila chapa, taratibu, kwa herufi za Kiarabu.

Njiani alikipita kibao cha Tongoni. Mguu wake uliinuka kwenye mafuta, lakini hakusimama. Alikuwa hajapata bado neno la Mzee Hija mwenyewe.

Alifika Chumbageni baada ya alasiri. Mzee Hija alikuwa ametoka msikitini, kofia bado kichwani, akimpa mtamba majani mkononi. Laurenti alimwamkia, akaomba wamwinue mnyama kidogo. Wakamwinua pamoja, na Laurenti akalivuta gunia, akalikung'uta samadi, akalitandaza juani penye mwanga. Nusu ya chapa ilikuwa imefutika. Nusu ilisomeka.

"Baba, hapa pameandikwa nini?"

Mzee alilitazama gunia muda mrefu kuliko inavyohitajika kulisoma. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alisimulia bila kuulizwa, na Laurenti hakuandika. Tangu alipopunguzwa kazi, alisema, nyumba ile ilikuwa ikila jasho la mkewe. Rahila hakumsema hata siku moja, na pengine ingekuwa nafuu kama angemsema. Kule Mwera alipoyaona mashudu aliona hapa nami nitapeleka kitu nyumbani. Alilifikisha gunia Rahila akiwa sokoni, akalimimina kwenye pipa la chakula, akalichanganya kwa mkono wake. Alikusudia asiseme mpaka maziwa yaongezeke. Rahila atashangaa, maziwa yametoka wapi haya, naye atasema, ni mie. Ng'ombe walipoanza kuharisha hakulifikiria gunia. Mashudu tangu lini yakaua? Watu walipotaja mbarika alishika la mbarika, kwa kuwa lilimfaa. Lakini tangu mtoto alipopelekwa kituoni pamoja na mama yake, kila akiliona lile gunia moyo ulikuwa ukimwuliza, unalitandika la nini, kwa nini hulitupi? Hakulitupa. Aliogopa kulitupa, na aliogopa kuuliza limeandikwa nini.

"Ningemwuliza nani?" alisema. "Ningemwuliza Tabia, yeye ndiye aliyekuwa akinisomea dawa. Na Tabia mmemchukua."

Kivuli kilianguka mlangoni mwa banda. Bi Rahila alikuwa amesimama pale na kata ya maji mkononi, na haikujulikana amesimama tangu neno gani. Laurenti alisogea pembeni. Miaka ya kazi ilimfundisha kwamba kuna maelezo ambayo askari hayachukui.

Bi Rahila aliitua kata. Aliliangalia gunia, akamwangalia mumewe.

"Kwamba husomi herufi za kizungu, Hija, mie nalijua tangu mwaka wa kwanza," alisema. "Barua za Yakoub zote nilikuwa nikizisoma kwa sauti. Ulidhani najisomea?"

Mzee alifunika uso kwa mkono wake wa vidole vitatu. Mkewe alikwenda akaketi kando yake, juu ya majani makavu, kitu ambacho kwa umri wake na kwa nguo aliyovaa si kidogo. Hakumlaumu kwa ng'ombe. Alisema tu kwamba ng'ombe walikuwa wawili, na ni riziki, huja na kuondoka. Kisha akasema jambo jingine kabisa.

"Aliyemtaja Tabia ni mie. Weye ulinyamaza, lakini jina la mtoto wa watu lilitoka kinywani mwangu."

Laurenti aliwaeleza lililobaki. Ataandika ripoti kabla ya Jumatatu, ataambatisha majibu ya maabara, maelezo ya Taimur na gunia lenyewe, na shitaka litaondolewa. Kutojua kusoma si kosa kwenye kitabu chochote cha sheria alichopata kukishika. Lakini ripoti haina miguu, alisema, na Tongoni hawasomi ripoti za polisi. Bi Rahila aliuliza gari lake linaondoka saa ngapi kesho.

Jumamosi walikwenda watatu. Nyumba ya kina Tabia ilikuwa ya udongo, safi, imezungukwa na mihogo. Mjomba wake aliwapokea kwa salamu fupi, akawapa mkeka na hakuwapa maneno. Tabia alitoka na Tuhfa kiunoni. Alikuwa amekonda. Aliwaamkia wakwe zake mmoja mmoja kama desturi inavyotaka, akaketi mbali nao.

Bi Rahila alitaka kuanza, lakini Mzee Hija alimwinulia mkono. "Hili langu," alisema. Akalisema lote, gunia, pipa, maziwa aliyoyatarajia, na kunyamaza kwake. Alipofika pa kunyamaza hakujitafutia njia. Alisema aliogopa kuonekana mjinga mbele ya mkewe, na kwa woga huo akamwacha mtoto wake alale chini mahabusu.

Tabia alisikiliza akimkanda mtoto mguu. "Baba," alisema mwishowe, "kule kulikuwa na maji sakafuni. Nilimshika Tuhfa mikononi siku mbili nisimweke chini."

"Najua, mwanangu. Sikulala."

"Lakini wewe ulikuwa kitandani."

Laurenti, aliyekuwa amesimama kando, aliona ni haki yake naye kulipokea lililo lake. Alisema karatasi ya kumweka mahabusu aliitia sahihi yeye. Alikuwa na shaka siku ile ile, na bado akatia. Tabia alimtazama kwa mara ya kwanza, akaitika kwa kichwa, kama mtu apokeaye kitu kizito akakiweka chini kwanza.

Bi Rahila alisogea kwenye mkeka mpaka magoti yao yakakaribiana. Alimwomba radhi kwa maneno machache, bila kulia, kwani alijua kilio chake kingemlazimisha mwenzake kumbembeleza. Akasema anaweza kwenda kwa mumewe Arusha wakati wowote, leo akitaka, na mtamba ni wake, amwuze au ampe amtakaye.

Kuku walirudi kando ya mkeka kuokota punje. Tuhfa ndiye aliyeanza. Alimnyoshea babu yake mikono, maana yeye hakujua kesi. Tabia alimzuia kidogo, kisha akamwachia. Mzee alimpokea akamfunga kifuani, na uso wake hakuuinua tena.

"Nitakwenda Arusha," alisema Tabia. "Lakini si kutokea hapa. Mtaa mzima wa Chumbageni unaniita mwanga, mchawi. Nikienda nikitokea hapa, nitakuwa nimekimbia."

Jumapili asubuhi Laurenti alikuwa kituoni akimalizia ripoti. Daktari Praxeda alikuja kuweka sahihi yake kwenye nakala ya majibu, na Koplo Asheri, bila kuambiwa, aliyachukua maelezo mapya aliyoyatoa Mzee Hija jana yake jioni, akayaandika kwa hati nzuri, safari hii kurasa tatu. Kisha daktari alitaka kumwona mtamba, wakatoka pamoja kwa miguu.

Hawakufika nyumbani kwa Bi Rahila. Walimkuta njiani, mtandio wake mpya, mkononi amemshika Tabia, Mzee Hija akiwafuata na mtoto begani. Walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba. Kila mlango Bi Rahila alibisha hodi, akasubiri mwenye nyumba atoke, akasema yale yale. Ng'ombe walikula mashudu ya mbolea. Yaliletwa na nyumba yetu wenyewe bila kujua. Huyu mwanangu nilimsingizia, na nanyi mlilisikia kutoka kwangu, basi na hili lisikieni kutoka kwangu. Wengine waliwaambia karibuni ndani. Mmoja alisema yeye hakuwahi kuamini, na Bi Rahila akamwacha na uongo wake.

Laurenti na daktari walisimama upande wa pili wa barabara. Kwenye mlango wa sita alitoka mwanamke aliyekuwa shahidi wa pili kwenye jalada, yule aliyesema kwamba aliusikia ugomvi wote. Bi Rahila alianza, ng'ombe walikula mashudu, na sauti ikamkatika. Alijaribu tena, midomo ikatikisika tu. Watu walikuwa wameanza kukusanyika.

Tabia aliukamata mkono wa mkwewe vizuri zaidi. "Mashudu ya mbolea," alimalizia yeye, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Baba hakujua, na mama hakujua. Ng'ombe hawakuuliwa na mtu."

Kisha akamwongoza Bi Rahila kwenye mlango wa saba, akabisha hodi mwenyewe.